Usipige Picha Tu, Andika na Habari Zake

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Oxford kiliwaomba wananchi wa Uingereza wafungue makasha yao na kutoa walichohifadhi cha Vita Kuu ya Kwanza: barua, shajara, nishani, picha za jamaa waliokwenda vitani. Katika miezi michache zilipatikana nakala za vitu zaidi ya 6,500. Mwaka 2011 Europeana, maktaba ya mtandaoni ya Umoja wa Ulaya, ikaichukua njia hiyo hiyo na kuanza nayo Ujerumani. Mtu alifika na mfuko wake, akahojiwa, kitu chake kikapigwa picha, kisha akarudi nacho nyumbani.

Kwangu mimi ninayeshughulika na nyaraka, kazi kubwa pale ilikuwa yale mahojiano. Nishani ya vita ya Waingereza ilitolewa kwa mamilioni ya watu na sura yake ni moja. Ukiiweka mtandaoni bila maelezo, umeongeza picha ya fedha yenye kichwa cha mfalme, basi. Lakini igeuze uitazame ukingoni: mara nyingi pamechorwa namba, cheo, jina na kikosi cha aliyepewa. Ukingo huo upige picha peke yake. Halafu andika ni babu wa nani, alitoka kijiji gani, na nishani ilimfikiaje mwenye kuitunza leo. Vita hivyo vilipiganwa kwetu pia, hadi Novemba 1918, na waliobeba mizigo yake mabegani walikuwa babu zetu. Habari zao nyingi bado zimo majumbani na vinywani mwa wazee.

Picha za studio nazo zina siri zao upande wa nyuma. Huko ndiko uliko muhuri wa mpigaji, kwa mfano Capital Art Studio ya Unguja, na pengine tarehe au salamu kwa kalamu ya wino. Hati za mkono za Kiarabu au za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zitazame ukurasa wa mwisho, ambako mnakili huenda ameacha jina lake na mwaka wa Hijria. Hata majina ya watoto waliozaliwa, yaliyoandikwa pembeni mwa kitabu, ni historia. Usiyakate.

Wengi huogopa kwamba kushiriki ni kupoteza. Sivyo. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilinakiliwa kwa msaada wa mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004. Sharti la mpango huo ni kwamba nyaraka asilia hazitoki katika nchi yake, na nakala za kidijitali hubaki huko pia. Hata ukifanya kazi hiyo peke yako nyumbani, shika sharti hilo: kinachosafiri ni nakala.

Simu yako yatosha kuanzia. Laza kitu mahali palipo sawa karibu na dirisha, pasipopigwa na jua, uzime mwanga wa kamera, uweke rula kando, na kingo zote nne zionekane. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, kwa kuwa picha ikitumwa kawaida hubanwa na herufi ndogo hupotea. Na tafadhali, usiipeleke picha ya zamani kulaminishwa. Plastiki ile haibanduki tena bila madhara.

Kabla ya kupandisha chochote mtandaoni, zungumzeni kwanza nyumbani. Karatasi ya barua ni yako uliyeirithi, lakini haki ya maneno yake ni ya mwandishi na warithi wake. Kwa sheria za Kenya na Tanzania hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Wikimedia Commons, hazina ya picha ya mtandaoni, hudai leseni huru: yeyote aweza kuitumia picha yako, hata kibiashara, na ukishaitoa leseni huwezi kuiondoa. Kwa barua yenye siri za ndoa au ugomvi wa mirathi, mimi husema ingoje.

Kama mama mkubwa au babu bado yupo, keti naye wiki hii na albamu mapajani, umuulize kila uso ni wa nani, na uandike majina hayo kwa penseli laini nyuma ya kila picha.