Kunyonya Mafuta Mwilini: Yatupasayo Kuyapima Kabla ya Kisu

Ndugu yetu mmoja wa Nduruma, chini ya mlima Meru, ametuletea swali ambalo twaona lazihusu nyumba nyingi za Waislamu. Mkewe, aliyejaaliwa watoto wanne, ataka kwenda Dar es Salaam kupasuliwa ili anyonywe mafuta ya tumbo. Fedha zimekwisha kuwekwa kando, nazo ni za mavuno ya vitunguu ya misimu miwili. Mama huyo ana kisukari, na shoga zake wa mjini Arusha wamemwambia kwamba mafuta yakitoka na sukari itashuka. Mume auliza: je, akubali? Na dini yasemaje?

Hatupendi kumjibu kwa neno moja. Twapenda kwanza yeye na mkewe waijue kazi yenyewe.

Tabibu huchanja vitundu vidogo katika ngozi, akaingiza chini yake maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na dawa ya kuzuia damu isitoke kwa wingi. Kisha hupitisha mrija mwembamba wa chuma, na mashine ikayafyonza mafuta. Njia hii ilianza kuenea katika miaka ya 1970 na 1980, hasa kwa kazi ya tabibu Yves-Gérard Illouz wa Paris. Leo haiko mbali nasi, kwani Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, ilianza kutoa upasuaji wa namna hii mwaka 2023.

Sasa natutazame yale ambayo mrija huo hauwezi kuyafanya. Mafuta ya mwili yako mahali pawili: mengine chini ya ngozi, mengine ndani kabisa, yakiyazunguka maini na matumbo. Haya ya ndani ndiyo yanayofungamana zaidi na kisukari na maradhi ya moyo, na mrija hauyafikii. Mwaka 2004 matabibu wa Marekani walitangaza habari za wanawake 15 wanene, 7 kati yao wakiwa na kisukari, walionyonywa mafuta yapata kilo 10 kila mmoja. Walipopimwa baada ya wiki 10 hadi 12, kiuno kilikuwa kimepungua, lakini sukari, shinikizo la damu na mafuta ya damu havikupata nafuu. Basi shoga wa mama huyu wamekosea. Kazi hii hubadili umbo. Haiponyi kisukari, wala si dawa ya unene. Na mtu akirudia mlo wake wa zamani, unene nao hurudi.

Je, hatari ipo? Ipo. Damu huweza kuganda miguuni ikapanda mapafuni. Chembe za mafuta huweza kuingia katika mishipa ya damu. Mrija huweza kutoboa utumbo. Jeraha huweza kuoza. Mwezi wa Oktoba 2024 mama mmoja wa Nairobi alifariki dunia baada ya upasuaji huu, na Baraza la Madaktari la Kenya likaamuru kituo alichopasuliwa kifungwe. Huko Marekani, Bibi Donda West, mwalimu wa chuo kikuu na mama wa mwimbaji Kanye West, alifariki Novemba 2007, siku moja baada ya kupasuliwa hivyo, akiwa na umri wa miaka 58. Uchunguzi ulionyesha kuwa alikuwa na maradhi ya mishipa ya moyo. Tabibu wa kwanza aliyemwendea alikuwa amekataa kumpasua mpaka moyo wake upimwe. Bibi huyo akaenda kwa mwingine. Na wale wanaohamishiwa mafuta hayo makalioni wajue kwamba mwaka 2017 jopo la wapasuaji lilikadiria kuwa huenda mmoja katika kila 3,000 hufa.

Ama kwa upande wa sheria, maulama hawakulifunga jambo hili kabisa, wala hawakuliacha wazi. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani. Akajifanyia pua ya madini ya fedha, nayo ikanuka; ndipo Mtume (s.a.w.) alipomruhusu kutumia ya dhahabu, ingawa dhahabu haikuhalalishwa kwa wanaume. Kutokana na hayo maulama wamefahamu kuwa kuondoa dhara na aibu iliyompata mtu si sawa na kuligeuza umbo kwa kufuata matamanio. Mwaka 2007, katika mkutano wa Putrajaya, Malaysia, Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu liliamua kuwa kupunguza uzito kwa upasuaji, hata kwa kunyonya mafuta, kwafaa ikiwa unene wenyewe ni maradhi, hakuna njia nyingine isipokuwa upasuaji, na mtu amesalimika na madhara. Tazameni, hayo ni masharti matatu, wala si moja.

Anayetimiza masharti hayo na aulize mambo haya kabla ya kulipa hata senti. Je, jina la tabibu limeandikwa katika Baraza la Madaktari Tanganyika, naye amesomea upasuaji huu hasa? Nani atakayetia nusukaputi, na ikitokea pumzi kukatika, pana vyombo na watu wa kuokoa? Moyo, damu na sukari vimepimwa? Ni lita ngapi zitakazotolewa? Zikipita 5, yampasa mgonjwa alale hospitali aangaliwe. Dawa zote anazomeza na zitajwe, hata aspirini. Na tabibu anayeahidi mengi, asitaje hatari hata moja, aepukwe.

Yako na mashaka ya safari. Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600, saa kumi hivi ndani ya basi. Kukaa kitako muda huo, siku chache baada ya kisu, kwaweza kugandisha damu miguuni. Kwa hiyo gharama ya kukaa karibu na tabibu mpaka aruhusu safari ihesabiwe tangu mwanzo. Asiyeiweza hiyo, hajawa na fedha za upasuaji.

Basi jibu letu kwa ndugu wa Nduruma ni hili. Mkeo na aende kwanza hospitali ya Mount Meru akatibiwe kisukari, kwani hicho ndicho adui aliyemo nyumbani. Chai ya sukari nyingi, soda na maandazi vipunguzwe kwa wote, si kwake peke yake. Tembeeni pamoja jioni kandokando ya mifereji ya mashamba yenu. Na wewe mume, ujiulize kwa haki: ni nani aliyemfanya auchukie mwili uliokuzalia watoto wanne? Neno moja la mzaha mezani laweza kumpeleka mtu kwenye kisu. Ikiwa ni neno lako, dawa yake unayo kinywani mwako, wala haina gharama.

Mwili ni amana. Mwenyezi Mungu atujaalie kuitunza. Amin.