Salamu Isiyoitikiwa: Mawasiliano kati ya Wenye Usonji na Wasio na Usonji

Katika familia nyingi za Muleba, kipimo cha kwanza cha malezi ya mtoto ni salamu. Mgeni anapoingia, hata kabla hajaoneshwa kiti, macho ya wakubwa humgeukia mtoto kuona kama atasalimia. Salamu za Kihaya zenyewe si neno moja; hubadilika kwa umri, kwa jinsia na kwa uhusiano wa wanaosalimiana, na binti hufundishwa tangu akiwa mdogo kupiga magoti mbele ya wakubwa zake. Mtoto asiyeitikia hahesabiwi kuwa na tatizo la mawasiliano. Huhesabiwa kuwa hana adabu, na aibu humwangukia mama yake.

Miongoni mwa watoto hao wamo wenye usonji. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema maishani na kuendelea hadi utu uzima. Humfanya mtu awasiliane na kuhusiana na wenzake kwa namna iliyo tofauti na ya wengi, na mara nyingi apokee sauti, mwanga, mguso au harufu kwa ukali kuliko wengine. Hauambukizi, wala hauletwi na malezi mabaya, laana au uchawi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Baadhi yao huzungumza kwa ufasaha na kufika chuo kikuu. Wengine hawatumii maneno kabisa na huhitaji msaada wa kula na kuvaa. Kwa kuwa hali hii haioneki kwa macho kama ulemavu wa viungo, majirani huijua kwa kile tu wanachokiona: mtoto aliyeitwa asigeuke, kijana aliyeulizwa jambo akajibu jingine, mtu mzima aliyesema ukweli mbele za watu mahali ambapo wengine wangenyamaza.

Liko jambo moja linaloonesha jinsi hukumu hizi zinavyotegemea mahali. Vitabu vingi vya kitabibu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani hutaja kutotazamana machoni kuwa mojawapo ya dalili za usonji. Katika nyumba nyingi za huku, mtoto anayemkazia macho mzee wake ndiye huonywa, na anayeinamisha uso husifiwa. Hivyo mtoto wa Kamachumu au Nshamba mwenye usonji anaweza kuepuka macho ya watu kwa miaka mingi bila yeyote kushangaa, kisha akaadhibiwa kwa kukosa salamu, jambo ambalo katika miji mingi ya ng'ambo lisingezua mjadala. Mtoto hajabadilika, kilichobadilika ni matarajio ya wanaomtazama.

Kwa muda mrefu wataalamu nao waliitafuta kasoro upande mmoja tu. Tangu daktari Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 aliowachunguza mjini Baltimore, Marekani, fikra iliyotawala ilikuwa kwamba mwenye usonji ndiye asiyewaelewa wengine, hivyo yeye ndiye wa kurekebishwa. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alipendekeza mtazamo mwingine. Alieleza kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye na usonji ni kwa pande mbili. Ni kweli kwamba mwenye usonji hupata shida kusoma ishara za wengine, lakini na hao wengine hupata shida kusoma ishara zake. Tofauti ni kwamba wasio na usonji ndio wengi, na walio wengi mara chache hudhani kwamba wao ndio hawakuelewa.

Wazo hilo limepimwa kwa njia ambayo kila aliyewahi kutuma ujumbe kupitia kwa mtu mwingine ataielewa. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha utafiti uliowapanga watu kwa minyororo ya wanane wanane. Wa kwanza alisimuliwa hadithi, naye akamsimulia wa pili, hivyo hivyo hadi wa nane. Minyororo ya wenye usonji peke yao ilihifadhi hadithi sawasawa na ile ya wasio na usonji peke yao. Habari zilipotea zaidi pale makundi mawili yalipochanganywa. Haki inataka iongezwe kwamba utafiti mkubwa zaidi, uliohusisha watu zaidi ya 300 na kuchapishwa mwaka 2025, haukukuta upungufu huo katika minyororo mchanganyiko. Hata hivyo tafiti zote mbili zinakubaliana katika lililo kubwa: wenye usonji wana uwezo wa kupokea na kufikisha habari kama watu wengine.

Kwa nini basi huonekana hawana? Sehemu ya jibu imo katika utafiti wa Noah Sasson na wenzake wa mwaka 2017. Watu waliowaona wenye usonji kwa sekunde chache tu katika video waliwapa alama za chini, na hawakuwa na hamu ya kuzungumza nao. Lakini waliosoma maneno yale yale yakiwa yameandikwa, bila kuona uso wala kusikia sauti, hawakuona tofauti kati yao na wengine. Waliyosema hayakuwa na kasoro; waliowasikiliza walikuwa wameshahukumu kwa sura na sauti.

Kiswahili nacho kina mitego yake, na ni vema wanaokitumia katika ofisi za umma waitambue. Lugha ya adabu hupenda kuzunguka. Karani anayeinuka kwenda chumba cha pili humwambia mteja, "Nakuja," hali anaondoka. "Subiri dakika mbili" huweza kuwa saa nzima. "Karibu chakula" mara nyingine ni heshima tu, na anayealikwa hutarajiwa kushukuru na kupita. Anayeulizwa "Habari za nyumbani?" hujibu "Njema" kwanza, kisha ndipo aseme kwamba mtoto amelazwa. Wengi hujifunza kanuni hizi bila kufundishwa. Mtu mwenye usonji mara nyingi huyachukua maneno kama yalivyo: dakika mbili zikipita atasimama dirishani kudai huduma aliyoahidiwa, naye ataitwa msumbufu. Kwa mizani ya haki, yeye ndiye aliyeiheshimu ahadi.

Mtego mwingine uko katika chumba cha daktari. Swali "Hujameza dawa?" likijibiwa "Ndiyo," huenda anayejibu amemeza, na huenda hajameza. Kwa mgonjwa yeyote swali hilo ni la mashaka. Kwa mwenye usonji ni hatari. "Umemeza dawa leo asubuhi?" ni swali linalotosha, likifuatwa na ukimya wa kumpa nafasi ya kujibu. Ukimya huo huwashinda wengi. Watu wengi wenye usonji huhitaji muda zaidi kulipokea swali na kulipanga jibu, na anayerudia swali kwa maneno mengine kabla hawajajibu huwalazimisha kuanza upya.

Kwa watoto wasiosema, au wanaosema machache, mawasiliano yapo ila yanapita njia nyingine. Mama akiuliza "Unataka uji?" mtoto akarudia "Unataka uji?", si kejeli, mara nyingi hiyo ndiyo "ndiyo" yake. Mwingine humshika mzazi mkono na kumpeleka penye mtungi wa maji. Mwingine huelewa picha upesi kuliko maneno, na picha hizo zinaweza kuchorwa kwa mkaa juu ya karatasi ngumu: kikombe, choo, kitanda, shule. Baadhi ya wazazi huhofia kwamba picha zitamzuia mtoto kusema. Hazimzuii, humpa njia ya kueleza haja yake wakati maneno bado hayajaja. Wengine hushauriwa waache Kihaya nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Tafiti hazijaonesha kwamba lugha mbili humdhuru mtoto mwenye usonji, na ni hasara kumnyima lugha ambayo bibi yake humbembelezea.

Mazingira pia huzungumza, wakati mwingine kwa sauti kubwa mno. Katika darasa lenye paa la bati, mvua ya masika inapopiga, mwalimu mwenyewe husitisha somo kwa kuwa hasikiki. Mwanafunzi mwenye usonji anaweza kuziba masikio, kupiga kelele au kukimbilia nje. Kumchapa kwa sababu hiyo ni kumwongezea maumivu mtu aliyekuwa akikimbia maumivu, na akikosa maneno ya kujieleza, fimbo hiyo itamfundisha tu kuiogopa shule. Walio katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria na katika visiwa kama Bumbire wana jambo la ziada la kuangalia: baadhi ya watoto wenye usonji huondoka nyumbani ghafla bila kuaga, wengine huvutwa na maji, na huenda wasiitike wanapoitwa kwa jina. Kumwita kwa sauti kuu hakutoshi. Majirani wote wamjue mtoto huyo kwa sura, na wajue kitu au neno analolipenda linaloweza kumrudisha.

Mkoa wa Kagera si mgeni wa kujifunza njia nyingine ya kuzungumza. Katika Shule ya Msingi Mugeza Mseto, mjini Bukoba, wanafunzi viziwi na wasioona husoma pamoja na wenzao. Hakuna anayemtaka kiziwi ajitahidi kusikia. Wanaosikia ndio hujifunza Lugha ya Alama. Jijini Dar es Salaam, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha wanafunzi wenye usonji ndani ya shule ya kawaida. Katika usonji, hatua hiyo ya upande wa pili ni nyepesi kuliko kujifunza lugha mpya. Ni kusema jambo moja kwa wakati, kutaja muda wa kweli, kuonesha kwa kidole au picha, kupunguza kelele, na kutodai macho wala salamu kabla ya huduma.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 inampa kila mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya kuandikishwa shule, na inakataza ubaguzi dhidi yake. Mzazi aliyekataliwa, au anayeona mtoto wake ana dalili zilizoelezwa, aanze kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, au kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri. Masuala ya shule humhusu Afisa Elimu Maalumu. Kwa upande wa afya, njia huanzia zahanati na kituo cha afya, kisha hospitali, na inapobidi rufaa hutolewa kwenda Bukoba au Bugando, Mwanza. Mtoto anayefungiwa ndani au kupigwa anaweza kutolewa taarifa kwa Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, bila malipo.

Hakuna kipimo cha damu cha usonji. Mtaalamu hutambua kwa kumtazama mtoto na kuwasikiliza wanaoishi naye, kwa hiyo mzazi anayekwenda kumwona abebe daftari. Aandike humo umri ambao mtoto alitamka neno la kwanza, na kama aliyaacha maneno baadaye, maneno anayotumia sasa, ya Kihaya na ya Kiswahili, yale anayoyarudia, sauti zinazomtisha, na namna anavyoomba maji.