Je, Wajua? Seva Isiyoitikia Hodi

Seva ya WireGuard, programu ya VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali), haimjibu mgeni kabisa. Anayebisha bila ufunguo uliosajiliwa hapati hata neno la kumfukuza. Ni kimya tu, kana kwamba nyumba haina mtu. Ufunguo wenyewe ni mfuatano wa herufi, tarakimu na alama 44. Ukikosea moja, hupiti.

Programu hiyo, kazi ya Jason Donenfeld, ilianza na mistari ya msimbo ipatayo 4,000 tu. Imo ndani ya Linux tangu Machi 2020. Ofisi ndogo ya Kitisuru inaweza kuiendesha kwenye Raspberry Pi, kompyuta inayoenea kiganjani, na mhasibu aliye Mombasa akafungua mafaili ya ofisi bila wasiwasi wa wifi ya hoteli.

Kinachokwamisha wengi ni anwani. Laini nyingi za intaneti hupewa anwani ya umma inayotumiwa na wateja wengine pia, hivyo mhasibu hana mlango wa kubisha. Mwombe mtoa huduma anwani ya kudumu kabla hujanunua chochote!

Mna tawi Arusha? Mwaka 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizitaka kampuni za huko zinazotumia VPN kuzisajili kufikia Oktoba 30.