Saba ya Kijani

Mwanafunzi wa darasa la pili huku Mbezi Beach akisema kwamba saba ni ya kijani na Jumatano ni ya zambarau, shuleni huenda akaambiwa anatunga, na nyumbani watu wakaanza kunong'ona habari za majini. Hana jini, wala si mgonjwa. Wataalamu wa ubongo wana jina la hali hiyo: sinestesia.

Kichocheo kimoja, tuseme tarakimu, sauti au jina la siku, huamsha hisi nyingine ambayo haikuguswa na chochote. Wapo wanaoona rangi wakisikia muziki. Wapo, wachache, wanaoonja maneno mdomoni. Francis Galton aliandika habari za watu wenye tarakimu za rangi mwaka 1880, lakini kwa muda mrefu jambo hili lilipuuzwa, kwani nani angeweza kuingia kichwani mwa mwenzake akahakikishe?

Kipimo ndicho kilichogeuza mambo. Mwaka 1993 Simon Baron-Cohen na wenzake nchini Uingereza waliwauliza watu tisa rangi za maneno kadhaa, wakarudia baada ya mwaka mzima. Majibu yalilingana kwa zaidi ya asilimia 90. Watu wa kawaida, waliorudiwa baada ya wiki moja tu, hawakufika asilimia 40. Basi ufafanuzi ukasimama juu ya nguzo mbili: rangi huja yenyewe bila kuitwa, tena haibadiliki. Sisi tunaotambua njia ya daladala kwa mstari wake wa rangi tumejifunza tu. Gari lisipokuwepo, rangi haijitokezi mbele yetu.

Hata hivyo kujifunza nako kumo. Mwaka 2013 Nathan Witthoft na Jonathan Winawer waliripoti watu 11 ambao rangi za herufi zao zilifanana mno na herufi za sumaku za kuchezea za Fisher-Price.

Nguzo ya kutobadilika ndiyo inayonitia shaka. Julia Simner aliihoji mwaka 2012: tukimwondoa kila ambaye rangi zake zinayumba, tutawezaje kujua kama sinestesia inayoyumba ipo? Naona ana hoja, hasa kwa watoto. Yeye na wenzake waliwapima watoto 615 wa miaka sita na saba, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Wale wenye sinestesia walikuwa na rangi thabiti kwa baadhi tu ya herufi na tarakimu. Mwaka mmoja baadaye idadi hiyo ilikuwa imeongezeka.