Kompyuta mpya: gawa diski kabla hujaijaza

Shule nyingi za sekondari hapa NSW huomba mtoto aje na kompyuta yake. Familia hununua moja, na nyumba nzima huitumia. Kabla hamjaijaza, igaweni diski yake ya ndani.

Mwaka wangu wa pili hapa Sydney, kompyuta yangu iligoma kuwaka. Fundi aliweka Windows upya, na picha za mama tulizopiga kambini zikafutika. Zilikuwa sehemu moja na Windows, nami sikumwambia. Hazikurudi tena.

Kompyuta nyingi huja na sehemu moja kubwa, C. Ukiigawa, C inabaki ya Windows na programu, na D inakuwa ya familia: nakala za viza, ImmiCard, vyeti, picha. Siku Windows ikiharibika, inafutwa C peke yake.

Ugawe kiasi gani? Windows 11 inataka angalau GB 64, na programu huzidi kula nafasi. Kwa hiyo C isibanwe. Diski ikiwa ya GB 512, toa GB 200 ziwe D. Ikiwa ya GB 256, toa GB 80. Ikiwa ya GB 128, usigawe. C itajaa upesi.

Hatua ni hizi:

1. Bofya alama ya Start kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Disk Management".
2. Bofya C vilevile, chagua "Shrink Volume". Hapo hesabu ni ya MB: kwa GB 200 andika 204800, kwa GB 80 andika 81920.
3. Litatokea eneo lenye mstari mweusi. Libofye vilevile, chagua "New Simple Volume", kisha endelea hadi mwisho.

Visehemu vidogo vya "EFI" na "Recovery" usiviguse. Ukivifuta, kompyuta inaweza isiwake.

Kumbuka, vitu havihamii D vyenyewe. Kila ukihifadhi, chagua D. Na ukiipeleka kwa fundi, mwambie mapema: "Usifute D."

Mwisho, vyumba viwili chini ya paa moja huungua pamoja. Diski ikifa au kompyuta ikiibiwa, C na D zote zimekwenda. Weka nakala nyingine kwenye flashi, na flashi hiyo ikae mbali na kompyuta.

Ukikwama, njoo nayo ofisini. Tutaigawa pamoja.