Kukaza, kulegea na kunyooka: lugha ya mnyororo wa baiskeli

Baiskeli ya gia nyingi inapogeuzwa kuwa ya gia moja, huondolewa kibadili gia cha nyuma, ambacho springi yake ndiyo iliyokuwa ikivuta ulegevu wa mnyororo. Tangu hapo fundi hana budi kutimiza masharti mawili mwenyewe: mnyororo unyooke, tena uwe na ulegevu wa kiasi. Mfasiri wa maelekezo ya kazi hiyo naye hukabiliwa na mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni kitenzi *kaza*. "Kaza nati" humaanisha izungushe mpaka ishike barabara. Msomaji aliyezoea hivyo, akiambiwa "kaza mnyororo", atauvuta mpaka uwe kama waya, na matokeo yake ni pedali nzito, beringi kuumia na mnyororo kulika upesi. Kinachotakiwa ni kupunguza ulegevu, si kuumaliza: mnyororo ukisukumwa kwa kidole katikati ya gia mbili, ucheze kwa jumla ya milimita 12 hivi. Ukizidi sana hapo, utachomoka. Kwa hiyo ni afadhali kuandika: "Rudisha gurudumu nyuma hadi mnyororo ucheze milimita 12, kisha kaza nati." Tena, kwa kuwa gia ya mbele ni nadra kuwa duara kamili, ongeza: "Zungusha pedali, upime mahali mnyororo unapokaza zaidi." Hapa *kaza* si elekezi, hutaja hali ya mnyororo, si tendo la fundi.

Mtego wa pili ni nomino *mpangilio*. Neno hili hutaja utaratibu wa vitu. Halisemi kwamba viko katika mstari mmoja. Dhana inayohusika ni *unyoofu*: umbali kutoka mstari wa katikati wa fremu hadi meno ya gia ya mbele ulingane na ule wa gia ya nyuma. Ikiwa mbele ni milimita 42, nyuma pia iwe 42. Tofauti hurekebishwa kwa kuhamisha pete zilizo kando ya gia ya nyuma.

Mpangilio wa vitenzi nao ufuate kazi: *nyoosha* kwanza, *punguza ulegevu* baadaye, *kaza nati* mwisho.

Kuhusu upatanisho, *mnyororo umelegea* na *cheni imelegea* ni sahihi. Chagua neno moja, ulitumie hadi mwisho wa matini.