Chagua boti kwa kumfikiria mtoto mdogo

Je, unapanga kuipeleka familia yako matembezini Ziwa Naivasha au Ziwa Victoria? Kabla ya kulipa, ichunguze boti yenyewe.

Boti ya sakafu bapa inayoelea juu ya maboya marefu ya alumini haiyumbi ovyo, na huwafaa wazee na watoto maji yanapotulia. Yenye maboya matatu hubeba uzito zaidi kuliko ya ukubwa huo yenye mawili. Lakini mawimbi makubwa yanaweza kuifunika mbele, hasa abiria wakisongamana huko.

Hakikisha vyuma vya pembeni havina mwanya wa kumpitisha mtoto. Msiketi nyuma karibu na injini: moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na hata kifo.

Muhimu zaidi ni jaketi la kuokolea maisha. Mvalishe mtoto, ulifunge, kisha ulivute juu mabegani. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, na huenda likamtoka akianguka majini. Ikiwa hakuna linalomtosha, teremkeni. Matembezi yatangoja.